Kilo Zinapotelea Wapi: Namna ya Kuziba Mianya ya Wizi katika AMCOS ya Korosho

Korosho ikitoka chini ya mkorosho mpaka fedha kuingia kwenye akaunti ya mkulima, hupita kwa karani wa mizani, mtunza ghala wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), dereva wa lori, ghala kuu, chama kikuu na benki. Kila inapobadilisha mikono inaandikwa upya. Ndiyo maana mwizi wa korosho hana haja ya kubeba gunia usiku. Kalamu inamtosha: 63.8 ikiandikwa 63, gunia likakatwa kilo mbili badala ya moja, jina moja likaongezwa kwenye orodha ya malipo.

Maelezo haya yanawahusu wajumbe wa bodi, mameneja, makarani na wanachama wa vyama vya msingi vya Mtwara na Lindi, wawe chini ya chama kikuu cha MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao. Mifano yote ni ya korosho, lakini ufuta na mbaazi hupita njia ileile ya stakabadhi ghalani, yaani mazao hukusanywa ghala kuu, huandikiwa stakabadhi na kuuzwa kwa mnada, kwa hiyo hesabu ni zilezile ukibadilisha unyevu na uzito wa gunia.

Yaamueni kabla ya msimu, tena kwa maandishi

Watu wengi ghalani wanajua vizuri kipi ni haki na kipi ni dhuluma. Tatizo ni saa. Ni saa kumi na mbili jioni, foleni bado ndefu, lori linapiga honi, na mjomba wa karani amesimama mbele ya mizani na korosho mbichi. Saa hiyo hakuna anayetafakari maadili. Kwa hiyo mwezi Agosti au Septemba, mizani ikiwa bado imefungwa, bodi ikae na kuandika majibu ya maswali ambayo lazima yatakuja.

La kwanza: korosho ya mjumbe wa bodi, au ya ndugu wa karani, itapimwa na nani? Jibu linalofanya kazi ni karani mwingine, mbele ya mwanachama mmoja asiye ndugu, na kwa zamu ileile ya foleni. La pili: msafirishaji, mnunuzi au muuza magunia akileta "asante", inapokelewa? Isipokelewe. Ikifika kwa namna ambayo haiwezi kurudishwa, iandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari la zawadi, jina na thamani, hata kama ni kreti moja ya soda. La tatu: korosho iliyokataliwa kwa unyevu inaweza kulala ghalani "mpaka kesho"? Hapana. Mwenyewe aianike nje au airudishe, kwa sababu korosho iliyo ndani bila risiti ndiyo inayotumika kujazia pengo la mtu mwingine. La nne: nani anaruhusiwa kubatilisha risiti? Meneja peke yake, na nakala zote tatu zibaki kwenye kitabu zikiwa zimepigwa mstari. Nakala ya risiti iliyobatilishwa ikiwa haipo, ihesabiwe kuwa risiti halali iliyoibwa. La tano, ambalo vyama vingi hulisahau: ziada ikionekana mwisho wa msimu ni ya nani? Hilo tutalirudia.

Majibu hayo yasomwe kwenye mkutano mkuu, yasainiwe, yabandikwe ukutani karibu na mizani. Faida yake kubwa ni kwa karani mdogo. Badala ya kubishana na mzee wa ukoo, ananyoosha kidole: "Mjomba, imeandikwa pale, si mimi."

Mtaalamu wa jinai wa Marekani, Donald Cressey, aliyewahoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa, alieleza mwaka 1953 kwamba mambo matatu hukutana ndipo mtu mwaminifu akaiba: shida asiyoweza kumwambia mtu, mwanya, na maneno ya kujihalalishia. Ghalani maneno hayo yanafahamika: "Nitarudisha malipo yakiingia." "Hata huko juu wanakula." "Kilo moja haimuumizi mtu." Mwanya bodi inaweza kuuziba. Maneno haiwezi kuyazuia, ingawa yakianza kusikika kwenye mazungumzo ya kawaida ni dalili ya kuongeza ukaguzi. Shida ndiyo bodi nyingi huitengeneza zenyewe: karani anafanya kazi kuanzia Oktoba, posho yake anaahidiwa "mkilipwa na chama kikuu", na Januari ada ya shule inamsubiri. Lipeni makarani kila wiki mbili. Ni gharama ndogo kuliko kilo watakazojilipa.

Mizani: dumu la mchanga

Anza na stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya biashara huhakikiwa kila mwaka. Angalia mwaka kwenye stika, kisha linganisha namba ya mizani na ile iliyo kwenye cheti. Mizani iliyofunguliwa na fundi baada ya uhakiki, hata kama ni kubadilisha waya tu, ihakikiwe tena.

Stika inasema mizani ilikuwa sawa siku ile. Haisemi iko sawa leo. Kwa kazi ya kila siku tengenezeni kipimo chenu: chukua dumu la lita 20, lijaze mchanga mkavu kabisa mpaka shingoni, funga kifuniko, zungushia utepe wa gundi, na watu watatu wasaini juu ya utepe. Litakuwa na kilo thelathini na kidogo hivi. Siku ofisa wa vipimo anapohakiki mizani, lipime mbele yake na uandike uzito wake ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Dumu likae ofisini kwa mwenyekiti, mbali na ghala.

Kila asubuhi kabla ya mkulima wa kwanza, fanya hivi:

1. Mizani ikiwa tupu, isome sifuri. Isipokuwa sifuri, irudishwe sifuri na iandikwe ilikuwa ngapi.
2. Weka dumu katikati. Soma.
3. Weka dumu kwenye kila pembe ya sahani, pembe zote nne. Masomo yote yalingane.
4. Pima gunia lililojaa, kisha weka dumu juu ya gunia hilo. Namba lazima ipande kwa uzito uleule wa dumu.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye maana kuliko zote. Mizani iliyochezewa inaweza kusema kweli kwa kilo thelathini na kudanganya kwa kilo themanini, kwa sababu aliyeichezea anajua watu hujaribu kwa mzigo mdogo. Tofauti ikizidi gramu 200 popote, kazi isimame. Rudia saa saba mchana, hasa kama mizani inatumia betri; betri ikichoka, namba huyumba.

Mengine ni ya macho tu. Sahani isiguse ukuta wala gunia la jirani. Sakafu iwe tambarare, na chini ya mizani pasiwe na kijiti wala jiwe. Mguu wa mbebaji usikanyage ukingo. Uso wa mizani umwelekee mkulima, na karani asome namba kwa sauti kabla ya kuandika.

Pointi na gunia

"Hizo pointi achana nazo, mzee." Sentensi hiyo ina bei. Mizani inayosoma pointi moja, ikiwa kila mara namba inashushwa mpaka kilo kamili, mkulima hupoteza wastani wa gramu 450 kwa kila mpimo. Chama kinachopima mara 4,000 kwa msimu kimekusanya kilo 1,800 ambazo hazina risiti. Tuseme bei ni shilingi 3,000: hiyo ni milioni 5.4, na hakuna mkulima hata mmoja aliyehisi kuibiwa. Dawa ni moja. Pointi iandikwe kama ilivyosomwa.

Kwenye makato ya gunia pana mtego mwingine. Gunia tupu la juti, kavu, lina uzito wa kilo moja hivi, na makato ya kilo moja ni sawa kama korosho imepimwa ndani ya juti. Lakini wengi huleta korosho kwenye mifuko ya sandarusi, ambayo haifiki robo kilo. Ukiupima mzigo ndani ya sandarusi kisha ukakata kilo moja, umechukua zaidi ya gramu 750 za bure. Pima magunia kumi matupu kwa pamoja, gawanya kwa kumi, andika wastani huo kwenye ubao; fanya vivyo hivyo kwa sandarusi. Pima upya mzigo wa magunia unapobadilika, na magunia yaliyonyeshewa yasitumike mpaka yakauke, kwa sababu yana uzito wa maji na huozesha korosho.

Daraja: hapa rushwa huvaa koti la utaalamu

Uzito unaweza kubishaniwa na yeyote. Ubora unamwachia mpimaji nafasi ya kusema "hii ni daraja la pili" na mkulima akanyamaza. Kwa hiyo utaratibu wa sampuli lazima uonekane na mwenye mali.

Mwaga korosho kwenye turubai. Sampuli inayochotwa juu ya gunia haina maana, kwa kuwa nzuri huwekwa juu. Chota kwa mkono sehemu tano au sita, pembeni na katikati, changanya, gawa mafungu manne, chukua mawili yanayoelekeana, rudia mpaka ubaki na kilo moja. Ondoa takataka na uzipime. Kisha kata korosho zote za sampuli hiyo na kupanga viini: vizima, vyenye madoa, vilivyooza, vilivyosinyaa, na maganda matupu. Pima viini vizima, ongeza nusu ya uzito wa vyenye madoa, vingine havihesabiwi.

Biashara ya korosho husema ubora kwa paundi za kiini kwenye gunia la kilo 80. Kuupata, chukua gramu za viini ulizopata kwa kilo moja, zidisha kwa 80, gawanya kwa 453.6. Gramu 275 ni paundi 48.5. Gramu 250 ni paundi 44. Mwanachama yeyote mwenye simu anaweza kupiga hesabu hiyo, na anapaswa kuruhusiwa.

Unyevu upimwe kwa kifaa kama kipo, na namba iandikwe kwenye risiti. Kwa korosho ya kuhifadhi lenga asilimia 8 hadi 10. Korosho kavu huchezacheza ndani ya ganda ukiitikisa, na ganda haliachi alama ukilibonyeza kwa kucha. Njia hiyo ya kienyeji inatosha kukataa korosho mbichi. Haitoshi kupiga hesabu tunayoijia sasa.

Dalili ya kuangalia kwenye daraja ni hii: linganisheni matokeo ya mpimaji wenu na ya ghala kuu, lori kwa lori. Akiwa anawapa wakulima wengi daraja la pili huku ghala kuu likisoma mzigo wote daraja la kwanza, kuna mtu kati yenu anayeuza tofauti. Kinyume chake, malori yenu yakishushwa daraja kila mara, ama mpimaji anapokea chochote kwa wenye korosho mbaya, ama kuna mchezo kwenye ghala kuu. Hapo ndipo sampuli ya akiba inasaidia: kila lori liache kilo mbili za korosho kwenye mfuko uliofungwa kwa lakiri na kusainiwa na dereva.

Unyaufu, na kwa nini ziada ni mbaya kuliko upungufu

Neno "unyaufu" limeficha wizi mwingi kuliko giza. Ni kweli korosho hupungua uzito inapokauka. Lakini inapungua kwa hesabu inayojulikana, na hesabu yenyewe ni hii: toa unyevu wa mwisho kwenye unyevu wa mwanzo, gawanya kwa mia toa unyevu wa mwisho.

Kutoka asilimia 10 hadi 9: moja gawanya kwa 91, sawa na asilimia 1.1. Kutoka 10 hadi 8, asilimia 2.2. Kutoka 12 hadi 9, asilimia 3.3, yaani kilo 33 kwa kila tani. Ukiambiwa korosho iliyopokelewa ikiwa kavu imenyauka asilimia tano ndani ya wiki moja, haiwezekani. Hata jua la Oktoba pale Masasi haliwezi kazi hiyo kwa korosho iliyo ndani ya gunia.

Chukua mfano. Risiti za wakulima zinajumlisha kilo 32,000, wastani wa unyevu asilimia 10. Ghala kuu linapima unyevu asilimia 9. Uzito unaotegemewa ni 32,000 mara 90 gawanya kwa 91, yaani kilo 31,648. Unyaufu halali ni kilo 352. Ghala kuu likisoma kilo 31,200, upungufu wote ni 800, na kilo 448 kati yake hazikunyauka. Zilikwenda mahali. Ni magunia matano na nusu, na kwa ile bei yetu ya mfano ni shilingi 1,344,000.

Sasa geuza mfano. Ghala kuu likisoma kilo 32,100, chama hushangilia: tumepata ziada ya kilo mia! Hakuna cha kushangilia. Korosho haizai ndani ya gunia. Ilipaswa kuwa kilo 31,648, kwa hiyo kilo zisizo na mwenyewe ni 452, na wenyewe wapo wengi: ni wakulima waliopunjwa kwenye mizani, kwenye pointi au kwenye makato ya gunia. Upungufu unaweza kuwa ajali, gunia limepasuka njiani. Ziada haina ajali ya kuisingizia. Ni risiti ya dhuluma, na kiasi chake ni kipimo cha ukubwa wake.

Ziada hiyo pia ndiyo chakula cha korosho hewa. Karani anayejua ana kilo 400 zisizoandikwa anakata risiti ya kilo 400 kwa jina la shemeji yake siku ya mwisho, na vitabu vinalingana kabisa. Mkaguzi akija atakuta mambo safi. Kwa hiyo msiridhike na vitabu vinavyolingana. Tafuteni risiti kubwa zilizokatwa jioni, siku ya lori, au karibu na kufunga msimu, kisha ulizeni nani aliona korosho hizo zikishushwa.

Ziada ikipatikana, utaratibu ni huu: iandikwe kwenye leja kama mali ya wanachama, siyo mapato ya chama wala bonasi ya watumishi, bodi ijulishwe kwa maandishi ndani ya siku tatu, mizani na daftari la pointi vikaguliwe, na mgao wake uamuliwe na mkutano mkuu, kwa kawaida kuurudisha kwa wakulima wa mnada ule kwa uwiano wa kilo zao. Chama kinachorudisha hata shilingi ishirini kwa kilo hupata kitu ambacho hakuna ukaguzi unaoweza kukinunua: mwaka unaofuata wakulima wenyewe wanaleta taarifa.

Kufunga siku, na lori

Kila jioni watu wawili ambao hawakushika mizani wahesabu magunia ghalani. Hesabu ni ya mstari mmoja: salio la jana, ongeza kilo za risiti za leo, toa zilizosafirishwa, inapaswa kulingana na zilizopo. Magunia yakiwa yamefungwa kwa uzito mmoja, kuhesabu kunatosha. Chagueni matano bila mpangilio na kuyapima. Andikeni namba ya risiti ya kwanza na ya mwisho ya siku. Namba ikiruka, kazi ya kesho haianzi mpaka ipatikane.

Wenye kazi tatu wasiwe mtu mmoja: anayepima, anayeandika risiti, na anayeshika ufunguo. Kwenye chama kidogo ambacho hakina watu, mwanachama wa zamu ashike ufunguo wa kufuli la pili. Kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja.

Lori likipakiwa, hati ya kusafirishia iwe na namba ya gari, jina la dereva, idadi ya magunia, kilo, unyevu, daraja, saa ya kuondoka na namba ya lakiri. Wizi wa njiani mara nyingi hauondoi gunia, kwa kuwa idadi itajulikana. Unachota kilo moja mbili kwa kila gunia na kushona upya, au unajazia mchanga na mawe. Kwa hiyo shoneni kwa uzi wa rangi moja mliyoichagua msimu huo, na mwakilishi wenu awepo lori linaposhushwa. Saa nazo zinasema: safari ya saa mbili iliyochukua saa saba inahitaji maelezo, na "tulipata pancha" iambatane na jina la mahali. Hati ya ghala kuu ilinganishwe na yenu siku hiyohiyo, wala msisubiri mnada. Mnunuzi akishalipa na mzigo ukaelekea bandari ya Mtwara, hakuna tena cha kupima.

Majina na malipo

Baada ya mnada, orodha ya malipo ndiyo ghala jipya. Mfanyieni mtunza orodha kama mlivyomfanyia mtunza ghala.

Kwanza jumla: kilo zote kwenye orodha zilingane na kilo za stakabadhi ya ghala kwa mnada huo, na fedha zilingane na zilizoingia kutoka chama kikuu. Pili, akaunti: panga orodha kwa namba za akaunti, siyo kwa majina. Namba moja ikitokea kwa majina mawili, simamisha malipo ya wote wawili mpaka waje na vitambulisho. Tatu, chagua majina ishirini bila mpangilio na kuomba risiti zao za karatasi. Nne, makato: bei ya mnada, kila kato kwa jina lake, na bei halisi vibandikwe ukutani kabla ya fedha kutoka. Kato lisilo kwenye mwongozo wa msimu wala kwenye muhtasari wa mkutano mkuu halina uhalali, hata kama linaitwa mchango wa ofisi.

Tano, shamba. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inayopendekezwa kwa mikorosho, ekari moja ina miti 28. Hata ukimpa mkulima miti yenye kuzaa kilo 20 kila mmoja, ambazo ni nyingi, ekari haivuki kilo 560. Jina lenye ekari moja na tani tatu linaficha mtu mwingine. Serikali ilipoingia kununua korosho mwezi Novemba 2018 kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa mashamba kwa sababu hiyohiyo. Hesabu ya miti inafaa pia kwa pembejeo: mfuko wa salfa ni kilo 25, na mgao wa mifuko arobaini kwa mtu wa miti hamsini ni mgao wa duka la mtu.

Pale ambapo jibu si rahisi

Mengi ya hapo juu ni nidhamu tu. Kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi, ni kitu kingine. Mfanyabiashara aliwakopesha wakulima fedha na unga miezi ya njaa, Februari mpaka Aprili, wakaahidi korosho. Oktoba anakuja na tani mbili alizozikusanya kwa bakuli, anataka zipokelewe kwa majina nane ya wakulima, nao wamesimama nyuma yake wakikusihi ukubali, maana wanaogopa kukosa mkopo mwakani. Kukataa kunaonekana ukatili. Kukubali ni kuvunja sheria na kuchafua orodha nzima.

Maswali manne husaidia kuamua, na ni vizuri yaulizwe kwa mpangilio huu. Mali ni ya nani kwa haki? Nani hayupo hapa na angekasirika akijua? Uamuzi huu naweza kuuandika kwenye daftari kwa maneno yaleyale? Kesho akija mtu nisiyempenda na ombi hilihili, nitampa? Swali la tatu ndilo kali. Uamuzi unaohitaji kuandikwa kwa maneno mengine, "korosho za wanachama" badala ya "korosho za fulani", umekwisha kujijibu.

Kwa kesi hiyo, msimamo unaotetewa ni huu: mkulima mwenyewe alete korosho yake, kwa jina lake, isiyozidi miti yake, na fedha ziingie kwenye akaunti yake peke yake. Deni lake ni mazungumzo yao wawili nje ya ghala. Karani asigawanye mzigo wa mtu mmoja kwa majina, asibadilishe akaunti, asishike kadi ya benki ya mkulima "kumsaidia". Bodi inayotaka kuumaliza mtego huo kabisa ianzishe akiba au mkopo mdogo wa miezi ya njaa kupitia SACCOS, kwa sababu katazo peke yake halijazi sufuria.

Ndugu kuajiriwa ni jambo jingine linalogombanisha. Kwenye kijiji cha watu wanaojuana hamwezi kupata karani asiye ndugu wa yeyote, na sheria ya kukataza ndugu wote haitekelezeki. Inayotekelezeka ni kutangaza undugu huo kwenye muhtasari, na kuhakikisha ndugu wawili hawashiki kazi zinazokaguana.

Ukishagundua

Usimkabili mtuhumiwa, wala usiliweke kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Kufanya hivyo kunampa usiku mmoja wa kuchoma vitabu, na kama umekosea umemchafua mtu.

Kusanya kwanza. Piga picha kurasa za leja, risiti, hati za lori na stika ya mizani, kila picha ikionyesha ukurasa mzima pamoja na namba yake. Usiandike wala kuweka alama kwenye nakala halisi. Andika kwenye karatasi yako tarehe, kilo, namba za risiti, na nani alikuwepo. Tofautisha ulichokiona na ulichoambiwa. Ufunguo wa ghala ubadilishwe mikono kwa kisingizio cha kawaida cha hesabu ya mwezi.

Kisha chagua mlango kulingana na tatizo. Mizani: Wakala wa Vipimo. Vitabu, uongozi na malipo: ofisa ushirika wa wilaya, na juu yake Mrajis Msaidizi wa mkoa chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inampa Mrajis uwezo wa kuagiza uchunguzi na kuwataka waliosababisha hasara wailipe. Ukaguzi wa nje wa hesabu unaweza kuombwa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Kangomba na ununuzi nje ya mfumo: Bodi ya Korosho. Ghala kuu lenyewe likishukiwa: Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala. Rushwa na ubadhirifu: TAKUKURU, ofisi ya wilaya au simu ya bure 113. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa mtoaji pia, siyo mpokeaji peke yake, kwa hiyo mkulima aliyelipa ili apandishiwe daraja aseme mapema kabla hajasemewa. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika.

Peleka malalamiko kwa barua ya kurasa mbili, na viambatisho nyuma vikiwa na namba. Ukurasa wa kwanza uwe na kilo: zilizopaswa kuwepo, zilizopo, unyaufu uliokokotolewa, tofauti, na thamani yake kwa bei ya mnada. Omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, tarehe ionekane, na nakala hiyo isikae ofisi ya chama.